Mgeni Aliyepewa Jembe: Historia ya Kugawana Diski Baina ya Mashine Pepe

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mashine nyingi zilizo za kudhaniwa tu, zikiwa ndani ya mashine moja ya kushikika, zilivyofundishwa kugawana diski moja, na jinsi mafundisho hayo yalivyobadilika tangu mwaka wa 1967 hata leo. Jambo lenyewe ni la mafundi, na lugha yetu imelifikia kwa kuchelewa; walakini ndani yake mna maneno mawili ambayo Mswahili hawezi kuyasikia bila kutega sikio, nayo ni mgeni na mwenyeji. Mafundi wa Marekani na Uingereza huyatumia maneno yao ya namna hiyo kila siku kwa maana kavu, bila kukumbuka kwamba ugeni ni desturi. Kwetu ugeni una sheria zake, na nitajaribu kuonyesha kwamba kazi ya kugawana diski ilikuwa nzito maadamu mgeni alifichwa hali yake, ikawa nyepesi alipoambiwa ukweli.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya majina. Kompyuta moja yenye nguvu yaweza kuendesha programu ambayo kazi yake ni kujifanya kompyuta kamili: ina kichakataji chake, kumbukumbu yake, saa yake na diski yake, vyote vikiwa vivuli vya vitu halisi vilivyo chini. Kivuli hicho siku hizi huitwa mashine pepe. Neno hili lina kasoro, kwa kuwa pepe limekwisha tumika katika barua pepe, ambako maana yake ni kupelekwa kwa umeme, wala si kuwa kivuli. Hata hivyo mkulima wa mpunga huita pepe ile punje iliyo ganda tupu, na maana hiyo ya mkulima yatufaa kuliko ile ya posta: ganda lina umbo lote la punje, ila kiini chake hakimo. Basi na liwe mashine pepe. Programu inayozitunza mashine pepe zote, kuzigawia zamu na kuzizuia zisiingiliane, nitaiita msimamizi. Mashine pepe ndiye mgeni. Kompyuta halisi pamoja na msimamizi wake ndio mwenyeji. Kiendeshaji ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji ijuayo kusema na kifaa fulani. Nimeliepuka neno dereva kwa sababu dereva ni mtu, na neno kiendeshi kwa sababu wengi wamekwisha kulifanya jina la diski yenyewe. Bloku ni fungu la diski. Diski haisomwi herufi moja moja, bali husomwa na kuandikwa kwa mafungu yaliyo sawa, kwa desturi ya baiti 512 au 4096, na kila fungu lina namba yake.

Kwa kuwa mambo ya diski hayaonekani kwa macho, naomba msaada wa jambo lionekanalo. Hedaru ni mji mdogo katika Wilaya ya Same, kwenye barabara kuu na njia ya reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi, chini ya Milima ya Upare ya Kusini. Nchi hiyo ya chini ni kavu, maana sehemu kubwa ya mvua hubaki juu milimani, upande wa msitu wa Chome na kilele cha Shengena, kilicho kirefu kuliko vyote vya Upare. Wapare tangu zamani za kabla ya utawala wa Wajerumani waliteremsha maji ya vijito kwa mifereji iitwayo mifongo, na katika njia ya mifereji hiyo wakajenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Ndiva hujazwa usiku, watu walalapo, na hufunguliwa mchana. Mgeni wa nchi hudhani kwamba kazi yake ni kuweka akiba ya kiangazi. Sivyo, kwa kuwa ndiva nyingi ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Sababu yake ni kwamba kijito chembamba kikiachwa kiende shambani peke yake, ardhi hukinywa njiani kisifike. Bali maji yakikusanywa na kuachiliwa kwa pamoja, hukimbia kwa nguvu hata shamba la mbali. Tena wenye mashamba wana zamu, na zamu hizo zina wasimamizi wake, na magomvi yake pia. Ila katika magomvi yote hayo hakuna mwenye shamba asiyejua kwamba maji ni ya wengi. Haikupata kumpitikia mtu kumfanya kila mkulima aamini kwamba anayo ndiva yake mwenyewe, kisha kumweka mtu kando ya kila shamba ailinde imani hiyo isivunjike. Jambo hilo, ambalo Upare lingeonekana upuuzi, ndilo walilolifanya mafundi wa kompyuta, na hawakuwa wapuuzi. Walikuwa na sababu njema.

Kazi ilianza katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Huko Robert Creasy na Les Comeau, pamoja na wenzao, walitengeneza msimamizi aliyeitwa CP-40, akaanza kazi ya kila siku mwanzoni mwa mwaka wa 1967. Akafuatwa upesi na CP-67, aliyetengenezwa kwa ajili ya mashine ya System/360 namba 67. Shida waliyotaka kuiondoa ilikuwa ya kugawana: kompyuta moja ilikuwa ghali mno hata isiweze kuachiwa mtu mmoja, na watu wengi walitaka kuitumia kwa wakati mmoja bila kuharibiana kazi. Jibu lao lilikuwa zuri kwa unyofu wake. Walisema, tumpe kila mtu kompyuta nzima ya kudhaniwa, iliyo sawasawa na ile halisi, hata mfumo wowote wa uendeshaji ulioandikwa kwa mashine halisi uweze kukaa humo bila kubadilishwa hata herufi moja. Faida yake ni wazi. Programu za zamani zafaa, na mashine zijazo zaweza kujaribiwa kabla hazijauzwa.

Diski waliigawa kwa vipande vilivyoitwa diski ndogo. Diski za siku hizo zilikuwa mabamba yaliyopangwa juu ya mhimili mmoja, na nyendo za vichwa vyake zikahesabiwa kwa silinda; pakiti moja ya diski ya IBM 2314 ilikuwa na silinda 200 za kutumia na ilichukua kadiri ya megabaiti 29. Mtu mmoja alipewa silinda kumi, mwingine ishirini, na kila mmoja aliona diski yake ikianza na silinda sifuri. Mgeni alipoomba silinda sifuri, msimamizi alijumlisha kimyakimya akaenda, tuseme, kwenye silinda 60. Hesabu hiyo ya kujumlisha ni nyepesi. Iliyokuwa nzito ni ile iliyoizunguka. Katika mashine za IBM, anayetaka kusoma diski huandika kwanza orodha ya maagizo kwa ajili ya chombo kiitwacho chaneli, na orodha hiyo hutaja mahali pa kumbukumbu pa kupokelea data. Mgeni aliandika orodha hiyo akidhani kwamba kumbukumbu aionayo ndiyo halisi, kumbe sivyo. Basi kila mara msimamizi alimnasa mgeni katika amri ya kuanzisha kazi, akainakili orodha yote, akageuza kila anwani na kila namba ya silinda, akazishika kurasa za kumbukumbu zisihamishwe, akaendesha orodha aliyoinakili badala ya ile ya mgeni, na mwishoni akageuza majibu yafanane na yale ambayo mgeni aliyatarajia. Kazi yote hiyo ilikuwa ni gharama ya kulinda dhana moja tu: kwamba mgeni yuko peke yake.

Dawa ilipatikana humo humo, mapema kuliko inavyodhaniwa na vijana wengi wa ufundi huu. Pamoja na CP palikuwa na mfumo mdogo wa uendeshaji kwa mtumiaji mmoja, jina lake CMS, uliokaa ndani ya mashine pepe. Waandishi wa CMS walikaa katika chumba kimoja na waandishi wa CP, kwa kusema hivyo, nao wakauliza: kwa nini tujifanye hatujui? Palikuwa na amri ya kichakataji iitwayo DIAGNOSE, ambayo mashine halisi iliiweka kwa ajili ya mafundi wa matengenezo na haikuwa na kazi nyingine iliyo moja kwa mashine zote. CMS ikaitumia amri hiyo kumwambia msimamizi waziwazi: nataka bloku hizi, ziweke hapa. Orodha ya chaneli isiyokuwa na mizunguko, jibu moja, mambo yamekwisha. IBM ilipoitangaza VM/370 tarehe 2 Agosti 1972, CMS ilikuwa imekwisha kuzoea urafiki huo hata ikawa haiwezi tena kukaa katika mashine tupu isiyo na msimamizi. Hapo ndipo mgeni alipojua kuwa ni mgeni kwa mara ya kwanza, ijapokuwa hali hiyo haikuwa bado na jina.

Lugha yetu haikushiriki katika miaka hiyo, na sababu zake ni za historia wala si za lugha. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Lakini mwaka wa 1974 Serikali, kwa Tangazo Namba 141, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Mwaka huo huo wa 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha huko Marekani makala yao mashuhuri yaliyoeleza kwa hisabati ni mashine ya namna gani iwezayo kubeba mashine pepe kwa ukamilifu. Sishikilii kwamba bila ile marufuku tungalikuwa na istilahi kamili ya mambo haya. Ila ni dhahiri kwamba kompyuta zilipoanza kuenea kwetu zilikuwa zile ndogo za mezani, ambazo hazikuwa na wageni wala wenyeji, na hivyo maneno tuliyoyaunda yalikuwa ya mezani pia: kipanya, kibodi, faili, dirisha. Hata mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, kazi iliyostahili sifa kubwa, ulishughulika na maneno aonayo mwandishi wa barua kwenye kioo. Maneno ya chini ya sakafu yalibaki.

Mashine hizo ndogo za mezani, zenye vichakataji vya aina ya x86, ndizo zilizorudisha swali lile la mwaka wa 1967. Zilipata nguvu kiasi cha kutosha kubeba wageni, lakini hazikutimiza masharti ya Popek na Goldberg: uchunguzi wa mwaka wa 2000 juu ya kichakataji cha Pentium ulikuta amri 17 ambazo mgeni aweza kuzitoa, zikagusa mambo ya mwenyeji, na msimamizi asipate habari. Kampuni ya VMware, iliyoundwa mwaka wa 1998, ilipita kikwazo hicho mwaka uliofuata kwa kuzifasiri amri za mgeni wakati zinapoendeshwa. Ilikuwa kazi ya akili nyingi. Lakini kuhusu diski ilirudi katika desturi ile ya kale: mgeni aliambiwa kwamba mbele yake pana diski ya kawaida ya aina ya IDE au SCSI, kama zile zinazouzwa madukani. Sasa, kiendeshaji cha IDE hakisemi neno moja. Huandika idadi ya mafungu katika mlango mmoja, kisha namba ya fungu katika milango mitatu au minne, kipande kwa kipande, kisha chaguo la diski, na mwisho amri yenyewe. Katika mashine halisi maandishi hayo ni ya haraka. Katika mashine pepe kila moja la maandishi hayo ni kunaswa: mgeni husimamishwa, msimamizi huamshwa, hutazama ni mlango gani ulioandikwa, hukumbuka thamani yake katika diski ya mchezo aliyoitengeneza, na humrudisha mgeni kazini. Kila kunaswa kuligharimu maelfu ya mapigo ya saa ya kichakataji. Ombi moja la kusoma bloku moja lilimwamsha mwenyeji mara sita au saba kabla hata diski halisi haijaguswa. Hicho ni kile kijito chembamba kinachonywewa na ardhi kabla ya kufika shambani.

Wa kwanza kulipa jambo hili jina walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, katika mradi wao ulioitwa Denali, kwenye miaka ya 2001 na 2002. Jina lenyewe, paravatualaizesheni, ni refu na halina raha kinywani. Nasi tutasema mpango wa mgeni ajuaye. Lakini waliouleta mpango huo mikononi mwa watu wengi walikuwa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na hii ndiyo Cambridge ya Uingereza, si ile ya Marekani. Msimamizi wao aliitwa Xen, naye alielezwa katika makala ya mwaka wa 2003 yenye waandishi tisa, miongoni mwao Paul Barham, Keir Fraser, Steven Hand na Ian Pratt. Shauri lao lilikuwa hili: badala ya kumdanganya mgeni kwa gharama kubwa, mfumo wake wa uendeshaji ubadilishwe kidogo ili ajue aliko, naye asaidie.

Wahenga wetu walikwisha kulisema. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husomwa mara nyingi kama ukali, au kama njia ya adabu ya kumwambia mgeni aondoke. Mimi nadhani ina maana pana zaidi. Mgeni wa siku mbili huletewa kila kitu, na nyumba nzima hujifanya kwamba hakuna kilichobadilika. Apewapo jembe huacha kuwa mzigo, kwa sababu sasa yumo katika hesabu ya nyumba: ajua shamba liko wapi, na zamu yake ni ipi, na maji yatoka wapi. Mgeni wa Xen alipewa jembe kwa maana hiyo.

Jembe lenyewe likoje? Kiendeshaji cha diski kiligawanywa nusu mbili. Nusu ya mbele hukaa kwa mgeni. Nusu ya nyuma hukaa kwa mwenyeji, yaani katika mashine pepe ya kwanza yenye ruhusa ya kugusa diski halisi. Mpango huu wa nusu mbili ulikamilika katika Xen 2.0, mwaka wa 2004. Baina ya nusu hizo pana ukurasa mmoja wa kumbukumbu, baiti 4096, ambao pande zote mbili huuona. Ukurasa huo umepangwa kama duara lenye nafasi 32. Mgeni huandika maombi yake katika nafasi zilizo tupu: soma kuanzia fungu fulani, weka katika kurasa hizi. Kila ombi liliruhusiwa vipande visivyozidi 11 vya ukurasa mmoja mmoja, yaani kilobaiti 44. Akiisha kuandika maombi mengi apendavyo, hubisha hodi mara moja tu. Mwenyeji huamka, huyachukua yote, huyatekeleza, na majibu huyaandika katika nafasi zile zile zilizokwisha kusomwa, kisha naye hubisha hodi. Msomaji ataona kwamba hii ndiyo hekima ya ndiva: hayapelekwi matone, hukusanywa kwanza. Hakuna diski ya mchezo wala milango ya uongo, na hodi moja hutosha kwa shehena nzima.

Kugawana nako kukapata utaratibu ulio wazi. Msimamizi wa Xen wa mwaka wa 2003 aliyachukua maombi ya wageni mafungu kwa mafungu, kwa zamu ya mzunguko, mmoja baada ya mwingine, ndipo akayakabidhi kwa mpangaji wa diski ambaye huyapanga upya kwa kufuata mwendo wa kichwa cha diski. Kabla ya hapo hukagua kwamba bloku iliyoombwa imo katika sehemu ya mgeni huyo, maana mgeni ajuaye si lazima awe mgeni mwaminifu. Kadhalika mgeni hakumpa mwenyeji kumbukumbu yake yote aipekue: hutoa idhini kwa ukurasa mmoja mmoja, na kazi ikiisha huirudisha. Idhini hizo nazo zikaonekana kuwa na gharama kila zilipofunguliwa na kufungwa. Kwa hiyo mwaka wa 2013 viendeshaji vya Xen katika Linux vilianza kuziacha wazi na kuzitumia tena, na mwaka huo huo kikomo cha vipande 11 kikapatiwa njia ya kukipita. Mambo ya namna hii hayana mwisho, nami nayapita upesi.

Kuna kinyume kimoja cha kustaajabisha katika historia hii. Kuanzia mwaka wa 2005 kampuni ya Intel, ikifuatwa na AMD mwaka wa 2006, ziliongeza katika vichakataji vyao msaada wa kubeba mashine pepe, na zile amri 17 zikaacha kuwa tatizo. Mfumo wa uendeshaji haukuhitaji tena kubadilishwa ili uwe mgeni. Mtu angedhani kwamba mpango wa mgeni ajuaye umekufa. Kwa upande wa kichakataji ulipungua kweli; kwa upande wa diski ulistawi, kwa sababu gharama ya diski ya mchezo haikuondolewa na msaada huo: kunaswa kulikuwa halali zaidi, lakini kulibaki ni kunaswa. Msimamizi mpya aitwaye KVM, kazi ya Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet, aliingia katika Linux mwezi wa Februari 2007 akitegemea msaada huo wa vichakataji, na hakukaa hata mwaka kabla hajahitaji viendeshaji vya mgeni ajuaye.

Hapo palitokea shida ya wingi. Rusty Russell, aliyekuwa fundi wa IBM, alihesabu katika makala yake ya mwaka wa 2008 namna 8 za usimamizi zilizokuwa ndani ya Linux, nyingi zikiwa na viendeshaji vyake vya diski, vyake vya mtandao, na makosa yake. Ilikuwa kama kila mfongo wa Upare kuwa na kipimo chake cha zamu, na mkulima akihama bonde moja kwenda la pili ajifunze upya. Russell akatunga mpango mmoja kwa wote, akauita virtio, ukaingia katika Linux 2.6.24 mwezi wa Januari 2008. Sehemu yake ya diski ni ndogo hata yaweza kuelezwa kwa sentensi chache. Ombi lina kichwa cha baiti 16 kinachotaja aina ya kazi na namba ya fungu, kisha data, kisha baiti moja ya jibu, ambayo sifuri maana yake ni kwamba kazi imefanyika. Fungu huhesabiwa kwa baiti 512 daima, hata diski ya chini iweje. Maombi hupita katika foleni yenye sehemu tatu: jedwali la maelezo, duara la yaliyo tayari, ambalo mgeni pekee huliandika, na duara la yaliyokwisha tumika, ambalo mwenyeji pekee huliandika. Kwa kuwa kila upande una duara lake la kuandika, hawagombani juu ya kalamu. Mpango huu ulikubaliwa na shirika la OASIS kuwa kanuni rasmi mwaka wa 2016, na leo hata mifumo isiyo ya Linux inao.

Hata hapa nimesema juu ya kugawana kwa kukatiwa vipande. Yako maana nyingine ya kugawana, nayo ina hatari: wageni wawili kuishika diski ile ile, bloku zile zile. Mafundi wa IBM walilifahamu jambo hili tangu siku za CP-67, ambapo diski yenye programu za CMS ilishikwa na watumiaji wote kwa kusoma tu. Ruhusa ya wengi kuandika ilikuwepo, ila aliyeiomba alionywa. Sababu ni kwamba mfumo wa uendeshaji huweka katika kumbukumbu yake picha ya diski, na huamini kwamba hakuna mwingine aibadilishaye. Wageni wawili wakiandika, kila mmoja huandika kwa kufuata picha yake iliyopitwa na wakati, na baada ya muda faili za wote wawili huwa zimevurugika. Kiendeshaji chenyewe hakiwezi kuliponya, kwa maana chenyewe hubeba bloku tu, hakijui faili. Njia zilizofaa ni mbili. Ya kwanza ni kuwapa wote nakala moja ya msingi isiyoandikwa, na kila mgeni akawa na karatasi yake ya juu ambamo bloku alizozibadilisha huandikwa. Hivyo wageni mia huweza kutegemea msingi mmoja. Ya pili ni mifumo ya faili inayoshauriana kabla ya kuandika, kama vile OCFS2 na GFS2, iliyoingia katika Linux mwaka wa 2006. Ya kwanza ni rahisi na imeenea. Ya pili yahitaji mafundi wenye subira.

Sasa nifikie neno ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la uaminifu wa mwenyeji. Mgeni aliyepewa jembe anamtegemea mwenyeji kwa jambo moja: akiambiwa kwamba bloku yake imeandikwa, iwe imeandikwa. Lakini mwenyeji naye hupenda kukusanya. Hupokea data ya mgeni, huiweka katika kumbukumbu yake, hujibu sifuri, na hukusudia kuipeleka diskini baadaye. Umeme ukikatika katikati, data imepotea na mgeni ana hati ya kwamba ipo. Katika mwanzo wake kiendeshaji cha diski cha virtio hakikuwa na amri ya kumlazimisha mwenyeji amwage alichokusanya. Iliongezwa mwaka wa 2009. Tangu hapo mgeni aweza kusema: yote niliyokuandikia kabla ya sasa yafikishe diskini, ndipo unijibu. Hata leo, hata hivyo, msimamizi aweza kuwekwa na mtunzaji wake katika hali ya kuipuuza amri hiyo ili kazi iende mbio, na mgeni hana njia ya kugundua.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Huduma ya M-Pesa ya Vodacom ilianza Tanzania mwaka wa 2008, mwaka ule ule wa virtio, na siku hizi mkulima wa Hedaru auzaye vitunguu kandokando ya barabara hulipwa kwa simu. Ujumbe umfikiao ni mfupi: fedha zimepokelewa. Ujumbe huo ni kama ile baiti moja ya jibu. Nyuma yake pana kitabu cha hesabu kilichoandikwa katika diski iliyo mbali, asiyoiona. Na mahali popote ambapo kitabu cha namna hiyo kimekaa ndani ya mashine pepe, ukweli wa ujumbe huo wategemea kama mwenyeji alimwaga alichokusanya au alijibu tu. Mkulima yule akisimama kando ya ndiva aweza kuona kwa macho yake kama kizibo kimefunguliwa.

Kwa amri hiyo baadhi ya watu hutumia neno kusafisha, wakifuata fasiri ya kamusi. Neno hilo linapotosha, kwa sababu anayesafisha huondoa uchafu na kuutupa, na hapa kinachoondolewa ndicho kilicho cha thamani. Kumwaga, nililolitumia hapo juu kwa kukosa jingine, lina kasoro ya namna hiyo hiyo, maana kilichomwagika hakizoleki. Watu wa mifereji husema kufungulia maji: maji yaliyokuwa yamezuiwa huachiwa yaende yalikokusudiwa. Napendekeza kwa watunga istilahi neno hilo, kufungulia, liwekwe mahali pa kusafisha, na jina lake liwe mfungulio. Na pale ambapo mwenyeji amejibu bila kufungulia, isemwe hivyo hivyo, kwamba amejibu kabla ya mfungulio.